Chukudu ya kijiji: jinsi ya kuchagua ubao, usukani na magurudumu

Somo letu la mara hii ni la mikono. Tutajifunza kutengeneza chombo cha kubebea mizigo. Tutajifunza pia kukitumia pamoja bila kugombana, kwa sababu chombo kinachoweza kuwaunganisha watu kinaweza vilevile kuwatenganisha.

Katika miaka iliyopita, familia nyingi za Salamabila na za vijiji vingine vya Kabambare na Kasongo zimekimbia mapigano zaidi ya mara moja. Mtu anayekimbia hubeba kile ambacho kichwa na mgongo vinaweza kubeba. Akifika, bado mzigo haujaisha: maji yako bondeni, kuni ziko mbali, muhogo lazima ufike kwenye kinu, na mafuta ya mawese lazima yafike sokoni. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo hubebwa na mama na binti.

Hali hii si ngeni katika nchi yetu. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare na Kasongo kwenda Nyangwe, na kila kitu kilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Baadaye ilikuja baiskeli. Hadi leo tunawaona vijana wa Maniema wakisukuma baiskeli zilizojaa mchele, karanga na madumu ya mawese kwa siku nyingi. Lakini baiskeli hununuliwa kwa pesa, na vipuri vyake vinatoka mbali. Chukudu hutengenezwa kijijini.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, kikundi chenu kitaweza:

- kueleza chukudu inafaa wapi na haifai wapi;
- kuchagua ubao, usukani na magurudumu kulingana na njia zenu;
- kuipima chukudu kabla ya kuipakia mzigo;
- kuandika mapatano ya matumizi kati ya wakimbizi wa ndani na wenyeji.

CHUKUDU NI NINI?

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Katikati kuna ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Mbele kuna mlingoti wenye usukani. Haina injini wala pedali. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko hupanda juu na kujiachia. Kwenye mlima hushuka na kusukuma.

Chombo hiki kinajulikana sana katika Kivu ya Kaskazini. Watu wa Kibumba, kwenye miteremko ya Nyiragongo, wamekitumia kwa miaka mingi kuteremsha viazi, kabichi, kuni na makaa hadi Goma. Mjini Goma iliwekwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, iliyozinduliwa mwaka 2009, kwa sababu watu wa mji ule wanajua ni nani aliyewalisha. Na mapigano yalipowakimbiza watu wa Kibumba mwaka 2022 kuelekea Kanyaruchinya, wengi waliweka magodoro, sufuria na watoto juu ya chukudu zilezile.

Huku kwetu kusini mwa Maniema wengi wameiona kwenye picha tu, au walipofika Goma. Kwa hiyo tusiige bila kufikiri. Barabara ya Goma ina mteremko mrefu na ardhi ya mawe ya volkano. Njia zetu ni za udongo mwekundu, zenye matope wakati wa mvua, na vijito vyenye madaraja ya magogo.

TUANZE NA NJIA, SI NA MBAO

Kabla ya kukata mti wowote, kikundi kitembee njia ambayo mzigo utapita. Twende na fimbo na daftari. Tuandike: njia ni pana kiasi gani? Mawe na mizizi ina urefu gani? Mteremko mkali uko wapi? Matope yako wapi? Madaraja ni mangapi? Kisha tulinganishe vyombo vitatu.

Toroli la gurudumu moja linafaa karibu na nyumba na ndani ya kambi: kubeba mchanga, matofali, taka. Hugeuka mahali padogo. Lakini nusu ya mzigo iko mikononi mwa msukumaji, kwa hiyo humchosha safari ikiwa ndefu.

Baiskeli ya kusukuma inafaa njia nyembamba na safari ya mbali. Magurudumu yake makubwa hupita juu ya mizizi. Lakini lazima ishikwe wakati wote isianguke, na mzigo wake uko juu.

Chukudu inafaa njia pana kidogo, iliyo ngumu, kati ya kijiji na shamba, kinu, kisima au soko. Hubeba mzigo mzito kuliko hivyo viwili, na mzigo huo hukaa chini. Lakini katika mchanga na matope gurudumu la mbao huzama. Wakati wa mvua kubwa, chukudu ipumzike.

Ikiwa njia yenu ni ya matope kwa miezi mingi, tunawashauri msitengeneze chukudu kabla ya kutengeneza njia. Siku chache za kazi ya pamoja ya kuchimba mifereji ya maji kando ya barabara zinaweza kusaidia kuliko chombo chochote.

SEHEMU YA KWANZA: UBAO

Ubao ndio uti wa mgongo. Ukivunjika kwenye mteremko, mwendeshaji huanguka mbele ya mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo tusitafute ubao wa bure. Tutafute ubao mzima.

Mti gani? Mafundi wa Goma hutumia sana mkalitusi. Ni mgumu na hukua haraka, lakini hupasuka ukikaushwa kwa haraka. Mvule nao ni mzuri: ni mgumu na mchwa hawaushambulii upesi, ingawa ni mzito. Miti laini tuiachie viti na masanduku.

Kukausha. Mbao mbichi ni nzito, na zikikauka zikiwa tayari zimefungwa hujipinda na bolti hulegea. Tuzipange kivulini, juu ya vijiti, ili hewa ipite kati ya ubao na ubao. Tupake ncha za ubao mafuta machafu ya injini au nta, kwa sababu unyevu hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na hapo ndipo ubao huanza kupasuka. Tusubiri wiki nyingi. Haraka haraka haina baraka.

Kusoma ubao. Tuangalie mistari ya mti. Inafaa iende sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Mistari ikitoka nje ubavuni katikati ya ubao, hapo ndipo utakapovunjika. Tutafute pia vifundo, yaani mahali tawi lilipoota. Kifundo kidogo upande wa juu si hatari sana. Kifundo upande wa chini, katikati, ni hatari, kwa sababu ubao ukibeba mzigo upande wake wa chini ndio unaovutwa.

Unene au upana? Hapa wengi huchanganyikiwa. Tukiongeza upana wa ubao mara mbili, nguvu yake huongezeka mara mbili. Lakini tukiongeza unene mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa hiyo ubao mnene wa upana wa kadiri ni bora kuliko ubao mpana ulio mwembamba.

Urefu. Magurudumu yakiwa mbali, chombo hutulia kwenye mteremko lakini huhitaji nafasi kubwa kugeuka. Yakiwa karibu, hugeuka upesi lakini hutikisika. Kwa njia zetu zenye kona na madaraja, chukudu ya urefu wa kadiri inatosha: urefu wa mtu mzima aliyelala, si zaidi sana.

Kimo. Ubao ulio chini hutuliza mzigo. Lakini ukiwa chini mno utagonga mawe na mizizi. Tuchukue fimbo tuliyopimia njia: sehemu ya chini kabisa ya ubao ipite juu ya jiwe refu tulilolikuta, na ibaki nafasi ya vidole vinne.

Jaribio la ubao. Tuuweke juu ya mawe mawili, pale magurudumu yatakapokaa. Watu wazima wawili wasimame katikati, taratibu. Ubao ukishuka zaidi ya unene wa kidole, ni dhaifu kwa mzigo mkubwa. Ukilia, ukatae. Wakishuka, lazima urudi kuwa sawa kama mwanzo.

SEHEMU YA PILI: USUKANI NA MHIMILI

Mlingoti wa usukani umeungwa na ubao kwa chuma nene au bolti kubwa, na huo ndio mhimili wa kugeukia. Hapa tusitumie misumari peke yake. Msumari hulegea kila gurudumu linapogonga jiwe. Bolti yenye nati mbili, ya pili ikiibana ya kwanza, haifunguki njiani.

Mlingoti uinamishwe nyuma kidogo, kuelekea kwa mwendeshaji. Sababu yake ni hii: tukiufuata mstari wa mhimili hadi ardhini, unafaa uguse ardhi mbele kidogo ya mahali gurudumu linapogusa. Nafasi ya vidole vitatu au vinne inatosha. Hivyo gurudumu hufuata nyuma ya mhimili na kujinyoosha lenyewe. Mlingoti ukiwa wima kabisa, gurudumu hutaka kugeuka ovyo, na mikono huchoka.

Kubana na kulegeza. Hili wanalijua pia vijana wanaocheza kwa mbao ndogo za magurudumu manne. Mtaa wa Kitintale, mjini Kampala, una uwanja wa mchezo huo uliojengwa mwaka 2006. Wachezaji hao wana bolti chini ya ubao: wakiilegeza, ubao hugeuka kwa urahisi lakini hutetemeka ukienda kasi, wakiibana, hutulia lakini hugeuka kwa shida. Na wakienda kwenye barabara mbovu, wengi huchagua ubao mrefu zaidi na magurudumu makubwa na laini zaidi. Chukudu hufuata kanuni ileile. Tubane bolti ya mhimili hadi usukani ugeuke bila kucheza, kisha tujaribu. Kwa mteremko tubane kidogo. Kwa kona za kijijini tulegeze kidogo, lakini kamwe usukani usitikisike.

Springi. Chukudu nyingi za Goma zina springi kuukuu mbele, ili kupunguza mshtuko unaofika mikononi na kwenye maungio. Ikipatikana kwenye vyuma chakavu, ifungwe. Isipopatikana, kipande kinene cha tairi kati ya mbao mbili husaidia.

SEHEMU YA TATU: MAGURUDUMU

Ukubwa. Tuseme njiani kuna jiwe la kimo cha sentimita 5, na gurudumu limebeba kilo 60. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 30 linahitaji msukumo unaolingana na kilo 67 hivi ili kulipanda jiwe hilo polepole. Gurudumu la sentimita 50 linahitaji kilo 45 tu. La sentimita 20 linahitaji zaidi ya kilo 100, yaani litakwama. Mzigo ni uleule, jiwe ni lilelile. Tofauti ni gurudumu. Njia ikiwa mbovu, tukuze gurudumu, hasa la mbele. Lakini tukilikuza sana tunapandisha mzigo juu. Tutafute katikati, kwa kufuata fimbo yetu.

Kulitengeneza. Wengine hukata kipande cha gogo kama vile wanavyokata mkate, wakapata gurudumu kwa dakika chache. Gurudumu hilo hupasuka kutoka katikati hadi ukingoni likikauka. Ni bora tutumie mbao mbili au tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine, mistari ya mti ikipishana, zikafungwa kwa gundi na misumari iliyokunjwa upande wa pili, kisha zikachongwa kuwa duara. Kupishana huko huzuia mpasuko usipite.

Beringi. Tutafute beringi za gari au pikipiki kuukuu, zile ambazo mafundi wetu huziita rulema. Kila gurudumu lipate mbili, moja kila upande. Ikiwa moja tu, gurudumu huyumba na kula tundu lake. Tuzioshe kwa petroli, nje, mbali na moto, tuzikaushe, tutie grisi safi. Tuizungushe beringi sikioni: ikilia kama mchanga, haifai.

Mpira. Tukate mkanda wa tairi kuukuu na kuuzungusha ukingoni. Hulinda mbao, hushika ardhi na kupunguza kelele. Ncha zake zikatwe kwa mshazari, ili pale zinapokutana pasiwe na nundu. Vichwa vya misumari vizame ndani ya mpira. Mpira ukiisha, tunabadilisha mpira; tusingoje hadi mbao iishe.

Jaribio la gurudumu. Tuinue chukudu, tuzungushe gurudumu kwa mkono, na tushike kijiti karibu na ukingo bila kugusa. Nafasi kati ya kijiti na mpira ibaki ileile mzunguko mzima. Ikiongezeka na kupungua, gurudumu si duara au tundu haliko katikati. Turekebishe sasa.

BREKI, MZIGO NA MTEREMKO

Breki ya kawaida ni kipande kinene cha tairi kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hukikanyaga. Ni rahisi, lakini mpira ukilowa huteleza.

Tupige hesabu kidogo. Chukudu yenye kilo 40, mzigo wa kilo 200 na mwendeshaji wa kilo 60, jumla ni kilo 300. Barabara ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, mteremko huo huvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 30. Hiyo breki huiweza ikiwa kavu. Mteremko ukiwa mara mbili, nguvu huwa kama kilo 60, na kwenye unyevu mguu mmoja hautatosha. Hapo watu wawili washike kamba nyuma, au mzigo ugawanywe mara mbili. Kuchelewa ni afadhali kuliko kumzika kijana.

Kupakia:

- vizito viwe chini na katikati, vyepesi juu;
- mzigo usizidi macho ya mwendeshaji;
- kamba zifungwe kwenye ubao, si kwenye usukani;
- mwendeshaji aweze kugeuza usukani kwa mkono mmoja chukudu ikiwa imesimama na mzigo;
- safari ya kwanza iwe na nusu ya mzigo, mahali pa tambarare.

Kila asubuhi tuangalie vitu vinne: bolti, beringi, mpira, breki. Dakika tano zinatosha.

CHUKUDU NA AMANI

Sasa tunafika kwenye sehemu ngumu kuliko kuchonga gurudumu. Tumeona mara nyingi mradi mzuri ukizaa ugomvi, kwa sababu watu walizungumza juu ya vifaa na hawakuzungumza juu ya haki. Tuangalie mambo manne.

Mti ni wa nani? Mkimbizi anayekata mti bila ruhusa, hata kwa kazi njema, anagusa shamba la mtu, na ugomvi wa shamba huku kwetu haukai mdogo. Kwanza tumwendee kapita na mwenye shamba, wakiwepo mashahidi wa pande zote mbili. Tupatane bei, au tupatane kwamba mwenye mti atapata siku kadhaa za chukudu. Kisha tupande miche kadhaa mahali mwenyewe atakapoonyesha.

Chukudu ni ya nani? Tuchukue mfano. Mwenyeji ametoa mti. Mkimbizi ambaye ni seremala ametoa kazi. Kijana wa tatu ameleta beringi na tairi. Siku ya kwanza wote wanafurahi. Mwezi wa pili kuna mavuno, na wote watatu wanaitaka siku moja. Nani ataichukua? Ikiwa jibu halikuandikwa mapema, kila mmoja atakuwa na jibu lake, na majibu hayo yatafuata kabila na asili: "ninyi wageni", "ninyi wenyeji". Kumbe jambo lenyewe lilikuwa ratiba tu.

Inabeba nini? Njia zetu zina vizuizi, na watu wenye silaha huweza kudai mzigo, malipo au kazi ya kubeba. Kamati iseme wazi na mbele ya watu wote kwamba chukudu ni ya raia, na inabeba vyakula, maji, kuni, wagonjwa na bidhaa za soko. Isibebe silaha wala risasi za upande wowote. Chombo kikijulikana kuwa cha upande mmoja, upande wa pili utamwona kila anayekisukuma kama adui. Waendeshaji wasafiri kwa vikundi na mchana. Mtu akilazimishwa kwa bunduki, asibishane, uhai kwanza. Akirudi, awaarifu viongozi, ili wao wazungumze na wanaohusika.

Nani anafaidika? Chukudu ikibaki mikononi mwa vijana wanaume peke yao, mama ataendelea kubeba maji kichwani huku chombo kikibeba bia kwenda sokoni. Tupange siku za maji na kuni kwanza, kisha siku za biashara. Na watoto wasiitumie kwa mizigo mizito: mteremko haujali umri, na mahali pa mtoto asubuhi ni shuleni.

MFANO WA MAPATANO

Kikundi kinaweza kuandika hivi, kwa Kiswahili rahisi, na kusoma kwa sauti mbele ya wote:

1. Chukudu hii ni mali ya kikundi. Waliotoa mti, kazi na vipuri wameandikwa hapa, na kila mmoja alichotoa.
2. Kamati ina watu sita: watatu wenyeji, watatu wakimbizi wa ndani. Angalau watatu ni wanawake.
3. Siku mbili kila wiki ni za maji na kuni, bila malipo, kwa wazee, wajane na wagonjwa kwanza. Siku zilizobaki ni za kukodisha.
4. Mgonjwa au mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya hutangulia kila mzigo, siku yoyote, saa yoyote.
5. Pesa za kukodisha zinagawanywa mafungu matatu: mwendeshaji, matengenezo, na mfuko wa kikundi. Hesabu inasomwa mbele ya watu kila mwezi.
6. Anayeivunja kwa uzembe anasaidia kuitengeneza. Ikivunjika kwa kuchakaa, mfuko wa matengenezo unalipa.
7. Ugomvi unaletwa kwanza kwa kamati, kisha kwa kapita na wazee. Hakuna anayeificha chukudu nyumbani kwake kama rehani.
8. Ikiwa familia zitarudi makwao, kikundi kitakutana kabla ya siku ya kuondoka kuamua chukudu ibaki kwa nani na waliotoa walipwe nini.

Tafadhali msiliruke jambo la nane. Wengi huogopa kulitaja, kana kwamba ni kuwafukuza wageni. Lakini kurudi nyumbani ndilo tumaini la kila aliyekimbia, na ni afadhali kuagana kwa mkono kuliko kwa mashtaka.

MASWALI YA MAJADILIANO

Mgawanyike vikundi vya watu watano au sita, wenyeji na wakimbizi pamoja. Mjadili kwa nusu saa, kisha kila kikundi kitoe majibu.

1. Katika kijiji chetu, ni mzigo gani unaochosha watu zaidi, na ni nani anayeubeba leo?
2. Njia ya mzigo huo inafaa toroli, baiskeli au chukudu? Kwa nini?
3. Nani kati yetu ana ufundi wa mbao, wa vyuma au wa kuhesabu pesa? Je, tunawajua wakimbizi wenye ufundi huo, au tunawaona kama watu wa kusaidiwa tu?
4. Je, kuna chombo kingine tunachokitumia pamoja, kama kinu, kisima au mtumbwi, ambacho kimewahi kuleta ugomvi? Ugomvi ule ungezuiwaje?
5. Tukilazimishwa kubeba mzigo wa watu wenye silaha, nani atazungumza kwa niaba yetu?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KUKUTANA TENA

Tembeeni njia moja pamoja, mkiwa na fimbo. Pimeni jiwe refu, mteremko mkali na daraja jembamba. Chora ramani ndogo. Mtakaporudi, mtakuwa mmejua gurudumu lenu liwe kubwa kiasi gani na ubao wenu uwe na kimo gani. Mtakuwa pia mmetembea pamoja, mwenyeji na mgeni, mkihesabu mashimo yaleyale.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni seremala akichonga ubao wa mti wa mwenyeji, na maji yakafika nyumbani kwa wote wawili kabla ya jua kuwa kali, methali hiyo imetimia. Tunawatakia kazi njema na safari salama.